Mkanda wa Mwisho wa Shamte

Hapo zamani, picha zilipokuwa bubu na watazamaji ndio wenye kelele, aliishi Ng'ambo ya Unguja bwana mmoja, Shamte Mwinjuma. Alitunga hadithi mwenyewe, akaziongoza mwenyewe, akatengeneza picha saba. Ah, siku zile! Watu walijaa ukumbini tangu alasiri, wakigombea mabenchi na kumtukana mwizi wa kwenye pazia la picha utadhani anawasikia.

Kisha zikaja picha zinazosema. Picha bubu za Shamte nani azitake tena? Mikanda ya picha zake ikaoza kwa joto, mmoja baada ya mwingine, ukabaki mmoja tu: "Arusi ya Mwanaidi". Shamte, mzee sasa, aliupapasa akalia wala hakuona haya. Ujana wake wote umo humo.

Akawaita wenzake watatu. "Safari yangu imekaribia, na mkanda huu haugawanyiki. Nimwachie nani?"

Kombo, mpiga picha, akasema: "Mie, ndugu yangu. Kamera niliizungusha kwa mkono huu, hata nilipokuwa na homa, na picha haikutikisika. Leo mkono huu kikombe haushiki."

Bi Zuwena, aliyecheza Mwanaidi, akasema: "Mie. Picha haikuwa na sauti. Maneno yote yalikuwa usoni mwangu. Na kwa picha hiyo ndugu zangu walinikana. Mama kafa, sikuitwa maziko."

Msellem akacheka. Huyu ndiye aliyesimama kando ya pazia akiwasimulia watu, maana wengi hawakujua kusoma maandishi ya picha. "Tuseme kweli, Shamte. Uliandika Mwanaidi anamwacha mumewe, harudi. Ukumbi ulitaka kuvunja mabenchi! Mie nikapaza sauti: 'Ana mimba, anakwenda kujifungulia kwao, atarudi!' Watu wakashangilia, wakaja majuma sita. Bila ulimi wangu picha ingekufa siku ile ile."

Shamte akainamisha kichwa. Uongo ule ulimuuma, lakini ndio uliompa jina.

Bi Zuwena akasimama. "Mimba ya nani, Msellem? Mie nilikuwa mwari! Ndugu zangu uso wangu paziani waliuvumilia. Mimba yako ndiyo iliyowashinda. Mji mzima ulinihesabia miezi, kila nikipita sokoni wakinitazama tumbo."

"Nilisema Mwanaidi, sikusema Zuwena," Msellem akajibu.

"Nani alitutofautisha? Na wewe, Shamte, ulijua?"

Shamte alijua. Siku zile ilimtosha kwenda ukumbini, akaukanusha uongo ule kwa neno moja. Hakwenda, kwa kuwa uongo ndio ulioujaza ukumbi.

"Nilijua, dada yangu," akasema, na mkanda ungali mapajani mwake.

Haya, wasikilizaji, msinitazame mimi. Mkono uliozungusha, uso uliolipia, ulimi uliookoa kwa uongo: mkanda ule ni haki ya nani? Au Shamte mwenyewe hakuwa tena na haki ya kuutoa?