Ua la Bibi Kazija na Jumamosi ya Ukumbi

Sogeeni. Mwenye usingizi akalale kwao, maana nikisimulia mimi hata redio huzimwa. Kisa hiki ni cha Uingereza, kwenye halmashauri ya mji wetu, mtaa wa maghorofa na mvua.

Palikuwa na watu watatu. Biubwa alijaliwa ulimi: akikuamkia asubuhi, adhuhuri bado mnaamkiana. Maulidi, dereva wa teksi, alijaliwa mgongo na usukani. Na Zeyana alijaliwa kitu ambacho wengi wenu hapa hamna: mdomo unaofungika.

Mtaani kulikuwa na ukumbi. Ah, ukumbi ule! Kuta zimevimba unyevu, hita inanguruma kama ng'ombe mgonjwa, lakini Jumamosi ukiingia unapokewa na harufu ya biriani na makoti yaliyorowa. Huku taarabu, kule wazee wanagonga karata, na sisi watoto tumelazwa juu ya viti vilivyounganishwa, tumefunikwa makoti ya baba zetu. Asubuhi unaamka kitandani kwako, hujui nani alikubeba. Nimelala hoteli za maana tangu siku zile, msinione hivi. Usingizi kama ule sijaupata tena.

Sasa halmashauri ikataka kuuza ukumbi, zijengwe fleti. Uchaguzi wa madiwani ukafika, na Bi Saumu, mwanamke wa hapo hapo mtaani, akagombea ili auokoe. Akaahidi mbele ya watu: "Nikishinda, ukumbi hauuzwi. Na Jumamosi jioni, kila wiki, nampa mtu mmoja atakayeniingiza baraza la madiwani, aitumie apendavyo." Maneno ya kampeni hayo. Hakujua yatamkaba koo.

Ghorofa ya juu kabisa alikaa Bibi Kazija, aliyewapaka hina maharusi wote wa mtaa. Hajapata kupiga kura kule hata siku moja, kwa kosa la wengi wetu: aliamini kura ni ya wenye pasi ya kusafiria ya Uingereza tu. Biubwa akamwendea.

"Bibi, jiandikishe."

"Kwa pasi yangu ya Tanzania? Watanifukuza, mwanangu."

"Wakufukuze wapi! Tanzania imo Jumuiya ya Madola, na kibali cha kuishi unacho. Diwani unamchagua kama anavyomchagua huyo Mzungu wa chini mwenye mbwa."

"Uongo."

"Wallahi!"

Wakabishana mpaka birika likakauka. Kesho yake Biubwa karudi, na siku iliyofuata tena. Mwisho Bibi akajiandikisha. "Ili unyamaze tu," alisema. Bila Biubwa, Bibi asingekuwa mpiga kura.

Siku ya kura, lifti ikaharibika, na magoti ya Bibi hayataki ngazi. Maulidi alikuwa kwenye foleni ya kungojea abiria uwanja wa ndege. Kupigiwa simu tu, akageuza gari.

"Panda mgongoni, Bibi."

"Mgongoni? Mimi mtu mzima?"

"Kwani maharusi wako hawabebwi?"

"Wale wepesi, mwanangu. Utaniangusha."

Akamshusha ngazi zote, akamwendesha hadi kituoni. Pale wakadaiwa kitambulisho chenye picha. Pasi ipo, lakini iko nyumbani, chini ya godoro! Maulidi akarudi, akapanda, akashuka, ulimi nje. Na pasi ile ile aliyodhani itamfukuzisha nchini ndiyo iliyompatia karatasi ya kura. Bila Maulidi, Bibi angebaki dirishani akitazama mvua.

Kesho yake mchana, kura zikahesabiwa. Zeyana alikuwa wakala wa Bi Saumu. Wagombea wawili wakalingana sawasawa, ikabaki karatasi moja ya utata. Ikikataliwa, mshindi atapatikana kwa bahati nasibu, ndiyo sheria yao. Kwenye kisanduku cha Bi Saumu hapakuwa na mkato wa kalamu. Palikuwa na ua. Ua dogo la hina, kikonyo kimepinda.

Zeyana akalitambua papo hapo. Lilikuwa kiganjani mwake siku ya harusi yake. Jina la Bibi likamfika ulimini, akalimeza, kwa sababu kule kura inayomtambulisha mwenyewe huharibika.

"Huu ni mchezo, si kura," alisema wakala wa upande wa pili.

Zeyana akamuuliza msimamizi kwa upole, "Ua limo kisandukuni mwa nani?"

"Mwa Saumu."

"Kwingine pana alama?"

"Hapana."

"Basi aliyelichora kamtaka nani?"

Msimamizi akakuna kidevu. "Inahesabiwa."

Hapo Zeyana akaingiza viganja mifukoni, utadhani ua la harusi lingali kiganjani.

Bi Saumu akashinda kwa ua lile. Ukumbi ukapona. Habari za ua zikaenea, na mtaani nani asiyelijua ua la Bibi Kazija? Kisha wakaja watatu wetu kudai Jumamosi, na halmashauri siku hizi inaruhusu shughuli moja tu kwa jioni.

"Mimi naleta taarabu," akasema Biubwa. "Nani alimtoa Bibi kwenye ujinga?"

"Na nani alimtoa ghorofani?" akajibu Maulidi. "Madereva tunataka karata zetu, tumechoka kukaa garini kama mizigo."

Zeyana akasema kwa sauti ya chini, "Wanangu wanamjibu nyanya yao kwa Kiingereza. Nataka wafundishwe Kiswahili. Nilinyamaza pale, leo sinyamazi."

Bi Saumu akajaribu kuwapa zamu. Wakakataa wote: uliahidi mtu mmoja! Akamgeukia Bibi Kazija: "Bibi, sema wewe. Nani anastahili?"

"Mie? Kura ni siri, mwanangu."

Jumamosi ya kwanza ikafika. Nikapita pale saa za jioni, saa ambazo zamani ungesikia ngoma kutoka mwisho wa mtaa. Ukumbi umeokolewa, taa zimezimwa. Hita kimya. Watatu wamesimama mlangoni mvuani, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, na Bi Saumu katikati na ufunguo mkononi.

Haya, nyinyi mnaojidai mahakimu. Ulimi, mgongo au ukimya? Ufunguo ungekuwa mkononi mwako, mlango ungemfungulia nani?