Pipa la Taka la Mama

Kompyuta ya fundi cherehani ilikuwa imezeeka kama mwenyewe. Ilikaa sebuleni karibu na cherehani, imefunikwa kipande cha pazia la mteja, na ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukaikuta bado inajikuna. Lakini hakuitupa, maana ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe.

Mwanamke yule, Mungu amrehemu, alipoona ugonjwa haumwachi, alikaa mbele ya mashine ile akarekodi maneno ya kumwachia binti yake, kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Akamwambia mumewe ampe maneno hayo akishakuwa na akili ya kusikiliza bila kuogopa. Halafu akayaweka wapi? Kwenye pipa la taka la kompyuta. Msicheke. Ndivyo alivyokuwa. Hereni zake alizificha chini ya maganda ya viazi, na wezi walipoingia walibeba hata ndoo, hereni wakaziacha. Alisema mwizi hapekui taka. Mtoto wake wa kwanza aliijua tabia hiyo kuliko wote, kwani yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuzifukua.

Huyo mtoto wa kwanza alikuwa sasa mwanamume wa ndevu. Walimwita Injinia, si kwa cheo, ila hakuna alilokubali kwamba halijui. Asubuhi moja alitaka kutuma maombi ya kazi, kompyuta ikagoma, ikasema imejaa. Baba alikuwa anatoka kwenda kwa mteja kupima mapazia, akamwambia asifute kitu mpaka arudi. Injinia akaitikia ndiyo baba, ile ndiyo ya kumwondoa mzee mlangoni.

Akampigia simu fundi kompyuta. Fundi akamwelekeza taratibu: afunge kwanza kila alichofungua, aende kwenye faili za muda, yale makapi ambayo programu huacha zikimaliza kazi, afute hayo tu. Faili ikikataa kufutika aiache, bado inatumika. Na pipa la taka asilimwage kabla hajachungulia ndani.

Tuseme haki, alianza vizuri. Makapi yakaondoka, nafasi ikapatikana, maombi yakaenda. Angeishia hapo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini mkono wa mjuaji hautulii, akaliona pipa limefura. Dada yake, yule kitinda mimba, sasa msichana mkubwa, alikuwa pale anakunja nguo za wateja.

"Kaka, si baba alisema tumngoje?"

"Wewe kunja nguo. Takataka zinangojewa?"

Mashine yenyewe ikamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Nafasi iliyobaki akaijaza filamu za rafiki yake mpaka pomoni.

Baba akarudi na spika mpya kwapani. Kumbe alikuwa ameamua siku ndiyo hiyo. Akamkalisha binti, akamwambia mama yake ana maneno naye. Binti akajifuta mikono kwenye gauni, kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni mlangoni. Baba akafungua pipa. Tupu. Akalifunga, akalifungua tena, kama anayepapasa mfuko uliotoboka.

Injinia hakuulizwa. Uso wake ulikwisha kusema.

"Baba, hukuniambia kuna nini."

"Nilikuambia usifute. Na mama yako ulimjua."

Wakaipeleka kwa fundi. Akaihangaikia kutwa nzima, akasema vilivyomwagwa wakati mwingine huokolewa vikiwahiwa, ila filamu zilikuwa zimeshakalia palepale sauti ilipokuwa. Injinia akatoka nje akakaa kwenye ngazi, ujuzi wote umemwishia miguuni.

Kazi aliipata. Akawa anamletea dada yake viatu, mikoba, kila mwezi kitu. Binti anapokea, anasema asante kaka, anaweka. Hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomla nyama. Mpaka jioni moja wakiwa wawili, akamwuliza kwa upole tu, "Kaka, mama alikuwa na sauti nyembamba au nene?"

Injinia akafungua kinywa amwigie. Ikatoka sauti yake mwenyewe. Akakohoa, akajaribu tena, haikuja. Binti akangoja, akangoja, kisha akamwambia basi kaka, usijisumbue, akainuka akaenda jikoni.

Injinia akabaki peke yake na kinywa wazi, na hapo ndipo alipoelewa kwamba maji yakimwagika hayazoleki.