Wafungwa wa Kisima cha Mtaa wa Chini

Hapo zamani, katika mji wa Shungwi, palikuwa na mtu aliyeitwa Bakoa, msokota kamba za makumbi ya nazi, ambaye mali yake yote ilikuwa kikoi kimoja na ulimi. Basi ikawa mwaka mmoja watu wa Mtaa wa Chini wakaanza kuugua matumbo, hata Mwana Zena, mkewe Bakoa, akawa hawezi kuinuka kitandani. Sultani akampeleka tabibu akipime kisima cha mtaa ule. Tabibu akapima, akaandika waraka, akampa Waziri, na Waziri akautia sandukuni.

Watu walipokwenda kuuliza waraka unasemaje, Waziri akawajibu kwamba hiyo ni siri ya dola, na kwa amri ya Sultani siri ya dola hufichwa adui, asije akaidhuru nchi. Wakarudi makwao. Bakoa akamtazama mkewe jinsi midomo ilivyomkauka, akawa anayarudia moyoni maneno ya Waziri, mara akacheka peke yake.

Kulipokucha, Sultani akiwa barazani akaona mtaa mzima unakuja na mikeka na vyungu, wamefungana kamba viunoni kama mateka, na wagonjwa wamebebwa juu ya vitanda. Akauliza wana nini.

Bakoa akainama, akasema, "Bwana wangu, tumekuja kujisalimisha. Amri yako yasema siri hufichwa adui. Jana tulifichwa sisi. Kumbe sisi tu adui zako, wala hatukujijua. Tufunge."

Waziri akataka wachapwe kwa utovu wa adabu, lakini Sultani akamnyamazisha, akamwuliza Bakoa kama wana haja nyingine.

"Hatuna, bwana, ila haki ya mfungwa kwa sheria yako, kunywa maji ya kisima cha jumba lako."

Sultani akafikiri kidogo, kisha akaamuru waraka uletwe, akausoma kwa sauti. Tabibu alikuwa ameandika kwamba samadi ya zizi la farasi wa Waziri imepenya ardhini, ikaingia kisimani. Waziri akainamia makubadhi yake.

Sultani akasema, "Ewe Bakoa, wataka nisiwe na siri tena?"

"Uwe nazo, bwana. Idadi ya walinzi wa lango siku ya vita, usituambie. Maradhi ambayo mtu amemnong'oneza tabibu, usituambie. Lakini aibu ya Waziri si siri ya dola."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru zizi lihamishwe, kichimbwe kisima kipya, na hadi kitakapokwisha Waziri mwenyewe awachotee wafungwa wake maji ya jumba.

Basi Waziri akakunja mikono ya joho, akachota, akamletea Mwana Zena bakuli la kwanza. Mwana Zena akajiinua kwa kiwiko, akalipokea, lakini hakunywa.

"Maji haya, bwana, yametoka wapi?"

Na Waziri, mbele ya mtaa mzima, akajibu.