Pimbi Juu, Tembo Chini

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mnatafuna nini? Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, nchi nzima ilipobakiwa na kisima kimoja, Simba alikikalia. Alikikalia kweli, makalio mdomoni mwa kisima. Asubuhi amekalia, jioni amekalia. Watoto wa Pimbi walikuwa wanakufa kwa kiu.

Nyati akasema, "Tupandane mgongoni tuwe mnyama mmoja mkubwa. Tumtishe."

"Na kichwa nani?" akauliza Ngiri.

Desturi yao ilikuwa kila mmoja kujichora namba aitakayo kwa chokaa kwenye paji la uso, moja mpaka kumi na tano. Mwenye namba kubwa ndiye kichwa. Wakachora, chwa chwa chwa. Nyati kumi na tano. Ngiri kumi na tano. Pimbi naye kumi na tano. Nani ajipunje?

Namba zikilingana, kichwa ni aliyetangulia kuamka.

"Mimi siku ya tatu sijalala," akasema Pimbi. "Wanangu wanalia."

Basi akawekwa juu. Nyati chini, Ngiri katikati. "Kushoto!" Wakaenda kushoto. "Kulia!" Wakaenda kulia.

Mara gudu gudu gudu! Tembo huyo, ndiyo kwanza ameamka, na pajini kajiandika hamsini.

"Shukeni! Kichwa ni mimi."

"Umechelewa, Bwana Tembo," akasema Ngiri. "Mnara ukishasimama kichwa habadilishwi, mpaka wote tulale tuamke upya. Ingia chini."

"Mimi? Chini ya Pimbi?"

"Chini ya Nyati. Pimbi yuko mbali sana."

Tembo akaingia, kanuna. Pimbi akaita, "Kushoto!" Tembo akaita, "Kulia!" Miguu ya mbele ikaenda huku, ya nyuma kule. Puu! Wote chini, Ngiri matakoni mwa Nyati.

Pimbi akalia machozi. "Bwana Tembo, wanangu hawafiki kesho."

Tembo akaona haya. Wakapandana tena, safari hii kimya, mpaka kisimani.

Simba akauliza, "Tembo! Mkubwa hapo ni wewe?"

Tembo akafumba mdomo. Iliuma, lakini akafumba. Nyati kimya. Ngiri kimya. Sauti nyembamba ikatoka huko juu:

"Mkubwa ni mimi. Inuka."

Simba akatazama juu. Kitu kidogo vile kinachomnyamazisha Tembo, kina nini ndani? Hakungoja kujua. Tifu tifu tifu, akatimka, na watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: mkishamweka mmoja awaongoze, sauti iwe yake, hata kama wewe ni mkubwa kuliko yeye. Hadithi yangu imeishia hapo, na koo limenikauka. Nani ananiletea maji?