Paka Aliyening'iniza Miguu

Hapo zamani, katika kijiji cha milimani ambako panya walishiba kabla ya watoto, paka hakuuzwa. Mwenye paka aliyezaa alitoa watoto wa paka huyo kwa kubadilishana na chumvi. Aliyeleta chumvi kwanza alichagua kwanza, na paka wake akifa kabla ya msimu wa kupanda, alipewa mwingine wa uzao uleule. Mtoto wa paka asiyechaguliwa alitupwa korongoni. Ndivyo walivyofanya baba zao, na hakuna aliyeuliza kama Mungu alikuwa akitazama.

Ikawa paka wa Bibi Namcheja amezaa, na kapuni wamebaki wawili. Wa kwanza kufika na chumvi alikuwa Nakijwa, mjane mwenye watoto wadogo. Akawapima kama ilivyopasa: akatazama macho, akanusa masikio, akapapasa tumbo, kisha akamnyanyua kila mmoja kwa ngozi ya shingo. Wa kijivu akakunja miguu yake. Huyo ni mzima. Mweusi alikuwa na macho yaliyogandishwa na usaha na tumbo lililovimba kwa minyoo, na miguu yake ikaning'inia kama kitambaa kilicholoa. Nakijwa akamchukua wa kijivu.

Nyuma yake alisimama Nanzia, mwanamke asiye na mume, aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi. Bibi Namcheja akamwambia arudi nyumbani na chumvi yake, akainua kapu aende korongoni. Nakijwa akacheka. "Mwenzangu, huyo atazikwa na panya."

Nanzia akaweka fimbo yake kukingama mlango.

"Bibi, Nuhu aliposimama mlangoni mwa safina, alimnyanyua nani kwa ngozi ya shingo? Kama pangekuwa na korongo la watoto wa watu, mimi ningekuwa huko. Nipe."

Bibi akasema sheria inawajua wazima tu. Nanzia akajibu kwamba sheria hiyo ilitungwa na watu ambao hawajawahi kunyanyuliwa. Akamwaga chumvi yake kizingitini, akamchukua yule mweusi, akaenda zake akichechemea.

Akamsafisha macho kwa maji ya vuguvugu, akamlaza kifuani. Lakini maji hayajengi mifupa, na Nanzia hakuwa na mfugo. Jirani yake Mbonea alikuwa na mbuzi mmoja, na maziwa ya mbuzi huyo yalikuwa ya mama yake Mbonea, aliyekuwa mgonjwa. Mbonea akayagawa. Asubuhi nyingine mama mwenyewe alisema, "Mpe mdogo kwanza," akanywa uji mtupu. Kipupwe kilipoingia, mama akafa. Mbonea hakusema kamwe kwamba yale maziwa yangemwokoa. Wala hakuweza kusema kwamba yasingemwokoa.

Yule mweusi akakua, akawa hofu ya panya. Na yule wa kijivu akapigana na nyoka mlangoni mwa watoto wa Nakijwa, akaumwa, akafa.

Msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia, na mbegu zilikuwa darini katika nyumba za Nakijwa, Nanzia na Mbonea. Wakajaribu kumzungusha paka nyumba kwa nyumba. Alikolala kulipona, na kwingine panya walikula hadi alfajiri. Ndipo wakampeleka kwa Bibi Namcheja aamue.

Nakijwa akasema, "Sikuvunja sheria yoyote, na sheria inanipa mwingine wa uzao uleule. Nilicheka, na kicheko changu Mungu atanihukumu nacho. Lakini wanangu hawakucheka. Watapanda nini?"

Mbonea akasema, "Sikuomba malipo, wala siombi. Lakini mwili wa paka huyu umejengwa kwa maziwa ya kinywa cha mama yangu. Ndiye sadaka yake ya mwisho. Nami nina mbegu, kama ninyi."

Nanzia hakuketi. Aliweka tena fimbo yake mlangoni.

"Mlipompima alikuwa wa korongo. Leo anakunja miguu, amekuwa wa sheria? Sheria iliyomtupa haina mkono wa kumwokota. Mbonea, ndugu yangu, mama yako namlilia hata sasa. Lakini maziwa yale yangemjenga paka gani, kama nisingesimama hapa? Nipigeni. Siondoki."

Majirani waliokuja kusikiliza wakashauri paka aachiwe, achague mwenyewe. Bibi akakataa, kwa maana paka huenda penye joto, haendi penye haki. Akamnyanyua kwa ngozi ya shingo, na miguu ikajikunja.

Enyi mnaonisikiliza, Sulemani aliletewa wanawake wawili, mmoja wao mwongo, na upanga ukaufichua uongo. Mimi nimewaletea watatu, wala hakuna mwongo kati yao. Msiniambie mtakwenda kusali kwanza. Mawingu yamekwisha kutanda, na mkono wa Bibi bado uko juu.

Je, nani alistahili paka yule: aliyeishika sheria, aliyetoa maziwa ya mama yake, au aliyesimama mlangoni?