Kihori cha Bata Mzinga

Mwaka ule mvua ilitoa ahadi tatu na haikutimiza hata moja. Mtama ulikauka ungali mchanga, na Mama Nyamizi, mwenye ua na ndege wote waliokuwamo, akapunguza chakula: konzi nne za pumba asubuhi, basi.

Ua ule ulikuwa na mkubwa wake. Bata Mzinga alijiita mkubwa kwa sababu ya kifua chake, maana kichwani hakuwa na cha kujivunia isipokuwa ile nyama nyekundu inayoning'inia. Msaidizi wake alikuwa jogoo Kuchi, mwenye miguu mirefu, shingo ndefu na kazi moja tu: kusema "ndiyo, mzee."

Humohumo aliishi Bi Bantamu, kuku wa mbegu ndogo, ambaye hata akijinyoosha hafiki kifuani kwa Kuchi. Alikuwa ameangua vifaranga sita, kila mmoja kama ndimu.

Pumba zilipopungua, Bata Mzinga aliitisha mkutano.

"Chakula kinaingia vumbi," alisema. "Nataka kihori cha pumba kiinuliwe juu ya mawe matatu. Ni kwa afya ya wote."

"Ndiyo, mzee," alisema Kuchi.

"Na wanangu watafikaje?" aliuliza Bi Bantamu.

"Sheria ni moja, mama. Kila mmoja ale anapofika. Kwani mimi nimekukataza kuwa mrefu?"

Wakubwa wakacheka, hata wale ambao hawakuelewa kilichochekesha.

Kihori kikainuliwa. Vumbi lenyewe likaendelea kuingia kama kawaida. Vifaranga wa Bi Bantamu waliruka, wakaanguka, wakakanyagwa. Kufika siku ya tatu wawili walikuwa wamekufa, mmoja kwa njaa, mwingine chini ya mguu wa Bata Mzinga, ambaye hakujua hata kama amekanyaga kitu. Bi Bantamu alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Pole, mama," alisema Bata Mzinga, mdomo umejaa pumba. "Mwakani uzae wakubwa."

Walibaki wanne, na wa mwisho wao, Tone, alikuwa hasimami sawasawa.

Nyuma ya jiko palikuwa na tenga kuukuu lililofunikwa juu ya samadi, mahali Mama Nyamizi alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo. Bi Bantamu alichakura pembeni, akachungulia. Ndani mchwa walijaa tele, na funza wanono. Matundu ya tenga yalikuwa membamba, yeye mwenyewe hakuweza kupita. Vifaranga walipita.

"Kuleni mpaka mshibe," aliwaambia.

"Na wewe, mama?" aliuliza Tone.

"Mimi nilikula jana."

Alikuwa hajala tangu juzi. Alisimama nje ya tenga na kudonoa mchwa mmojammoja waliotoroka.

Baada ya wiki mbili vifaranga walikuwa wameota mbawa na wanapigana miereka kutwa nzima. Bata Mzinga alipowaona, uso ulimbadilika rangi. Akawafuata mpaka nyuma ya jiko, Kuchi nyuma yake.

"Chakula cha siri wakati wa njaa!" alifoka. "Huo ni wizi!"

"Siri gani, mzee?" alijibu Bi Bantamu. "Tenga liko uani, matundu yako wazi. Kila mmoja ale anapofika."

Kuchi alifungua mdomo aseme "ndiyo, mzee," kisha akaufunga.

Bata Mzinga angeweza kuwaita wenzake walipindue tenga, lakini wenzake nao wangekula. Akaingiza kichwa tunduni peke yake. Kichwa kilipita, ila ile nyama nyekundu inayoning'inia ikagoma kurudi. Alipoinuka, tenga liliinuka naye. Akakimbia ua mzima na tenga kifuani, akagonga ukuta wa jiko, akagonga mti wa kuanikia nguo.

"Niokoe, Kuchi!"

"Ndiyo, mzee," alisema Kuchi, akirudi nyuma.

Mama Nyamizi alitoka na mwiko mkononi. Mwezi mzima alikuwa akiwapapasa kuku wake kifuani na kukuta mifupa. Akamkamata Bata Mzinga ili amvue tenga, akamnyanyua, akampima mikononi.

"Kumbe pumba zangu zote ziko humu," alisema.

Chungu kikubwa cha kumpikia hakikukaa vizuri kwenye mafiga yake ya kila siku. Akatazama huku na huku, akaona mawe matatu mazuri chini ya kihori. Akayachukua akapikia, na kihori akakiacha hapohapo chini.

Asubuhi yake Kuchi alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo hakuyapenda yale mawe. Bi Bantamu hakuwa na nafasi ya kumjibu. Alikuwa kihorini na wanawe wanne, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, alikuwa anakula mpaka kushiba.