Darubini ya Mwalimu Kokuteta

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, meli kubwa ya watalii ilitia nanga katika bandari ndogo ya kusini. Upepo ulikuwa mkali, na meli ingeondoka alasiri. Akashuka Mwalimu Kokuteta, mstaafu kutoka Bukoba, darubini shingoni. Daktari alikwishamwambia kwamba kabla ya mwaka kuisha hataona tena.

"Miaka thelathini nimewafundisha watoto habari za nguva, yule mnyama wa baharini," alisema, "na sijamwona hata mara moja."

Somoe, mkulima wa mwani, alimsikia. "Huku bahari imechafuka, Mwalimu. Twende ghuba ya nyuma ya rasi, kwenye nyasi anazokula. Maji yakijaa, ataingia."

Chande, dereva wa pale bandarini, akawapakia kwenye bajaji yake, mchanga ukiwachapa nyuso. Walipofika, wakakuta wavu wa mvuvi Mfaume umeziba mlango wa ghuba.

"Kaka Mfaume, wavu huo utamnasa nguva ambaye Mwalimu huyu amekuja kumwona," Somoe alisema.

"Nimeutega tangu alfajiri. Samaki ndio kwanza wanaingia." Mfaume akamtazama Mwalimu, akautazama wavu. Kisha akaingia majini akautoa, na samaki wakaenda zao.

Wakaketi. Upepo ukaitikisa darubini mikononi mwa Mwalimu. Chande akapiga magoti mbele yake, akaipa bahari mgongo. "Iweke begani kwangu."

Maji yakajaa polepole, ya kijani, yakimeta. Muda ukawa kama umelala. Kisha, pfuu! Pumzi juu ya maji.

"Ana mtoto," Mwalimu alinong'ona. "Wanaogelea ubavu kwa ubavu, kama mawingu mawili."

"Wakoje, Mwalimu?"

"Usigeuke, mwanangu. Tafadhali usigeuke."

Chande hakugeuka. Nguva wakala, wakapumua, wakazama, maji yakawafunika.

Honi ya meli ikalia. Mwalimu akafuta machozi, akavua darubini, akaiweka juu ya jiwe. "Mimi sitaihitaji tena. Ni ya aliyenionyesha nguva."

Chande akamkimbiza bandarini. Aliporudi, darubini ilikuwa pale pale, na wenzake wawili wameizunguka.

"Bila mimi," alisema Somoe, "angetazama mawimbi matupu hadi honi ilipolia."

"Bila mimi," alisema Mfaume, "nguva asingeingia. Leo watoto wangu wanakula ugali mkavu."

Chande akalisugua bega lake. "Bila mimi angeona ukungu unaocheza. Ninyi nyote wawili mliwaona nguva. Mimi peke yangu sikuona kitu."

Wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyeondoka.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni: mmoja alijua, mmoja alipoteza, mmoja hakugeuka. Je, nani alistahili darubini ile?